Figa la Tatu

Gesi iliisha siku ya pili. Adhar hakushangaa. Mtungi ulipopakiwa kwenye lori pale Lodwar aliutikisa akaona ni mwepesi, akamwambia Opondo dereva, naye Opondo akamjibu, mama wewe pika, mambo ya mitungi tuachie sisi. Sasa mtungi umelala nyuma ya hema kama mlevi, watu kumi na mmoja wanataka chai, na Opondo amejiingiza chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Hilo gari linaumwa nini tena?" Adhar akaiuliza ile miguu.

"Mama Manyang, usidhani nimelala. Ninafikiri."

"Basi fikiria kuni. Na mafiga matatu."

Kuni hazikuwa taabu, maana miti ya mathenge imejaa kandokando ya lagga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Mafiga ndiyo yaliyoleta maneno. Adhar alipanda mteremkoni akachagua mawe mawili makavu, akamwachia Opondo lile la tatu. Opondo, kwa kuwa jua lilikuwa kali na lagga iko karibu, akaokota jiwe zuri la mviringo katikati ya lagga. Sasa, mtu yeyote aliyepikia nje anajua kwamba jiwe la lagga hunywa maji, na maji yale yakipata moto hutafuta pa kutokea. Chai ilikuwa ndiyo inaanza kupanda, jiwe likapasuka, paa! Sufuria ikaenda upande, majani ya chai yakarukia hema, na Opondo akalala kifudifudi mchangani, mikono kichwani.

"Tumevamiwa!"

Esekon, mzee wa Kiturkana aliyekuwa akiwaongoza njia, hakuinuka hata kwenye kigoda chake. "Nani amevamia?" akauliza. "Mawe yako ndiyo imevamia wewe."

Watu wakacheka mpaka Daktari, mkuu wa msafara, akatoka hemani kuuliza kuna nini. Adhar hakuwa na nafasi ya kucheka, chai ilikuwa imemwagika na kazi ilikuwa inangoja. Akaenda mwenyewe nyuma ya kilima, akarudi na jiwe amelifunga kwa leso na kulibeba kichwani. Lilikuwa na rangi ya ini, bapa juu na bapa chini, zito kuliko lilivyoonekana. Sufuria ilikaa juu yake bila kutikisika. Akamshukuru Mungu kwa jiwe lenye adabu, akawasha moto upya.

Kilima chenyewe kinaitwa Moru Arengan, na kutoka barabara ya Lodwar na Kakuma ni mwendo wa nusu siku kwa gari lisiloumwa. Ni chekundu, tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa na mtu asiye na haraka. Daktari Chepkemoi, binti wa Bomet aliyesoma mpaka akawa anafundisha Nairobi, aliamini kwamba ndani ya tabaka zile mna mifupa ya dinosauri, wale wanyama wakubwa waliokwisha duniani kabla mtu hajawako. Miaka sita aliomba ruhusa na magari. Miaka sita aliambiwa ngoja. Mwisho akapewa mwezi mmoja tu. Mwezi ukiisha Ijumaa ya nne, lori linarudi Lodwar, na asipokuwa ameonyesha mfupa uliolala mahali pake ndani ya mwamba, kilima kitafungwa na hatapewa tena.

"Vipande vilivyobebwa na maji ninavyo," alikuwa akisema. "Lakini havina anwani. Nitamwambia mtu dinosauri wangu anakaa wapi?"

Adhar alikuja pale kwa neno la mchungaji wake. Kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa shemasi, mama aliyefika kutoka upande wa Bor, ng'ambo ya mpaka, akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo, Manyang, sasa ni mwalimu. Daktari alipopita kutafuta mpishi, mchungaji alimwambia: "Chukua huyu. Akikuambia kwenye sufuria mna wali, usifunue kuhakikisha." Hakuna mwanamke wa kambini aliyekuwa amewahi kuchukuliwa kwa kazi ya namna ile. Nyachuol, Arek na Yai, wenzake wa chama cha akina mama kanisani, walimsindikiza mpaka kwenye gari. Arek akamnong'oneza, "Ukifanya vizuri, watatuita na sisi. Ukiharibu, watasema ni sisi." Adhar aliyabeba maneno hayo Moru Arengan pamoja na sufuria zake.

Basi kila siku kundi lilitoka na jua, na kila siku likarudi na vumbi. Adhar alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, na hakuhitaji kuuliza habari. Wiki ya kwanza Daktari alikunywa chai amesimama, anachora hewani kwa kijiko. Wiki ya tatu chai ilimpolea mkononi.

Jumanne ya wiki ya mwisho, jua likielekea kushuka, Daktari alirudi na kipande kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Akaita watu wote, hata wa jikoni.

"Nataka kila mwenye macho anisaidie siku hizi zilizobaki," akasema. "Mfupa uliogeuka jiwe na jiwe lenyewe vinafanana kama mapacha. Lakini mfupa una vitundu ndani. Na ukiugusa kwa ulimi, unashika."

"Unashika nini?" akauliza Opondo.

"Ulimi."

"Jameni. Nimesomesha watoto wanne, leo naambiwa nilambe mawe." Lakini alikilamba, na kikashika kweli, akabaki amekodoa macho anapunga mikono, na ilibidi Esekon akivute kwa vidole viwili.

"Acha," Esekon akasema. "Hata mnyama ya zamani inashika wewe."

Kipande kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Adhar. Akakigeuza. Pale kilipovunjika palikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama ndani ya andazi lililoumuka vizuri.

"Daktari," akauliza, "huyu mnyama Mungu alimwumba siku ya ngapi?"

Wengine wakacheka, lakini Daktari hakucheka, naye alilelewa kanisani. "Siku ya wanyama, mama. Mimi natafuta tu alikaa wapi na alikula nini. Siku za Mungu zina urefu gani, hilo sijapewa kamba ya kulipimia."

Adhar aliona ni jibu la mtu mwenye heshima. Akarudi kwenye maharagwe, akakuta yamefurika na kuzima nusu ya moto.

Alfajiri ya Jumatano alikuwa akizoa majivu. Lile figa la tatu, ambalo maji ya maharagwe yalilimwagikia likiwa la moto, lilikuwa limebanduka kigamba upande mmoja. Adhar akakiokota ili akitupe. Hakukitupa. Upande wa ndani ulikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama ndani ya andazi.

Akaketi chini palepale kwenye majivu. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu ila mbuzi mmoja wa Esekon anatafuna gunia. Akakipangusa kile kigamba kwa leso, akakigusisha ulimi.

Kikashika.

"Yesu wangu," alitaka kusema, lakini kwa vile kigamba kilikuwa bado kimening'inia, kilichotoka hakikuwa neno.

Adhar alizaliwa katika watu wa ng'ombe. Uti wa mgongo wa ng'ombe aliujua kwa vidole tangu utotoni, pingili kwa pingili. Sasa akalitazama figa lake kama mtu anayemtambua jirani ugenini. Bapa huku, bapa huku, kiuno katikati, na pale juu kisiki ambapo bawa la mfupa lilivunjika. Ilikuwa pingili. Zaidi ya wiki tatu aliiona kila asubuhi na macho yakaipita, maana macho ya mtu hutafuta ng'ombe mwenye ukubwa wa ng'ombe. Ng'ombe ambaye pingili yake moja inabeba sufuria ya lita ishirini hajazaliwa Bor wala Kakuma.

Furaha ilimjia kwanza, akataka kupiga kigelegele. Halafu akaona weusi wa moshi kwenye figa, akaona ile sehemu iliyobanduka, na kigelegele kikarudi tumboni. Mnyama wa watu amelala salama tangu dunia ikiwa changa, hakuna kilichomgusa, mpaka alipokutana na mpishi kutoka Kakuma na maharagwe yake. Watasema nini? Watasema ni sisi.

Wakati wa chai Opondo alimkazia macho. "Mama Manyang, hebu funua mdomo. Mbona ulimi ni mweusi? Umekula makaa?"

"Ni dawa ya tumbo," Adhar akasema, na neno lilikuwa limeshatoka kabla hajalizuia.

"Kumbe! Na langu limekuwa likinguruma tangu jana. Nipatie na mimi."

Angefanya nini? Alimchagulia kaa dogo, safi. Opondo akalitafuna lote, akalisindikiza na chai, akasifu. Wachimbaji wawili waliposikia wakaomba na wao. Kufika saa nne watu wanne walikuwa wakizunguka kambini na ndimi nyeusi, na Adhar peke yake ndiye aliyejua kwamba ni uongo wake ndio wanaoutafuna.

Siku ile na ya pili yake alikwenda kwenye hema la Daktari mara tano, kila mara na kikombe mkononi na maneno mdomoni. Kila mara alikiacha kikombe akarudi na maneno. Jikoni akaanza kuusukumia moto kwenye yale mafiga mawili mengine, asije akalichoma lile la tatu zaidi, na ugali wa Alhamisi ukaiva upande mmoja.

"Huu ugali una kaskazini na kusini," Opondo akalalamika.

"Kula wa kusini," Adhar akamwambia.

Ijumaa ikafika. Hema zikashushwa, lori likarudishwa nyuma mpaka karibu na jiko. Maharagwe ya njiani yalikuwa bado motoni. Daktari alikuwa amevaa nguo zake safi za safari, shati jeupe, na alikuwa akimshukuru kila mtu kwa jina lake, akitabasamu kwa mdomo tu. Mwisho akamgeukia Adhar, kama walivyozoea asubuhi zote.

"Mama, tuombee safari."

Wakasimama duara, vichwa chini. Adhar akafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa mwezi huu. Tunakushukuru kwa maji, na kwa gari, na kwa Opondo na tumbo lake."

"Amina," akasema Opondo.

"Umlinde Daktari, na yale aliyoyatafuta—" Upepo ukapiga turubai la lori. Akajaribu tena. "Na yale aliyoyatafuta—" Watu wakangoja. Opondo akafungua jicho moja.

"Baba," Adhar akasema, na sauti yake ikabadilika, "wewe unalijua figa langu la tatu. Unajua si jiwe. Unajua nililamba Jumatano, na ile haikuwa dawa ya tumbo. Mfupa wa watu nimeupikia chai, ugali na maharagwe karibu mwezi mzima. Sikujua. Halafu nikajua, nikanyamaza, na hiyo ndiyo dhambi. Ni mimi, Baba. Si wanawake wa Kakuma. Wao hawajapika. Amina."

Opondo akafungua na jicho la pili.

"Kwa hiyo," Opondo akasema polepole, "mimi nimetafuna makaa ya bure?"

Lakini Daktari hakuwepo tena kwenye duara. Alikuwa anakimbia. Alipofika jikoni alijitupa chini kifudifudi kwenye majivu, na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini ya sufuria inayochemka.

"Ondoeni hii!"

Adhar akaifikia kwa leso, akaiinua peke yake. Mtu akaja mbio na mtungi wa maji. "Usimwage!" Daktari akapiga kelele. "Litapasuka!" Wakasogeza makaa kwa vijiti, kaa kwa kaa. Daktari akalinyooshea figa kiganja, akakisogeza karibu kidogo kidogo, kama anayepima homa ya mtoto. Mabega yake yakaanza kutikisika. Adhar, aliyekuwa amesimama na sufuria yake, akajua mama wa watu analia.

Daktari akageuka. Alikuwa anacheka, machozi yakichora mistari kwenye majivu ya mashavu yake.

"Mama Manyang! Mwezi mzima nimekunywa chai iliyochemkia mgongoni mwa dinosauri, nikilalamika kwamba hakuna dinosauri!"

"Nimemharibu?"

"Umempaka rangi. Juu ametoka ngozi kidogo, ndani ni mzima." Kisha akaacha kucheka, akainuka, akamshika Adhar mikono yote miwili pamoja na masikio ya sufuria. "Lakini sikiliza, mama. Pingili hii peke yake haina anwani. Wakiiona Nairobi watasema imebebwa na maji. Uliitoa wapi? Fikiri vizuri. Ulikuwa mteremko gani?"

Watu wote wakamsogelea. Hata Opondo.

"Sina haja ya kufikiri," Adhar akasema. "Ni pale nyuma ya kilima, ninapoombea kila siku."

"Ilikuwa imelala tu mchangani?"

"Hapana. Ilikuwa kwenye mstari na wenzake. Nilijaribu ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, hii ndiyo iliyokubali."

"Zilikataa nini?"

"Kutoka. Zimeshikwa na mwamba."

Daktari akatafuta kitu cha kushikilia, akalipata bega la Esekon. "Ziko ngapi, mama?"

"Zile ninazokalia, au zote?"

Walikwenda wote, na hakuna aliyekwenda kwa kutembea. Adhar alikuwa mbele, leso kiunoni, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anayerukaruka juu ya mawe, na nyuma yake Opondo na mchimbaji mmoja wamebeba figa lingali na joto ndani ya gunia, wanabadilishana mikono na kupuliza vidole. Esekon alikuwa akisema peke yake: "Mimi napitisha mbuzi hapa kila siku. Mbuzi yangu inakanyaga hii mnyama kila siku! Na mimi naulizwa, mzee, umeona mfupa? Nasema, hapana, hapana."

Ilikuwa ni pango dogo tu, paa la mwamba na kivuli chini yake. Adhar akafagia mchanga kwa ncha ya leso, na hizo hapo, duara la rangi ya ini baada ya duara la rangi ya ini, zimejipanga kama watoto wa shule asubuhi. Tisa zilionekana. Ya kumi iliingia nusu mwambani, na mstari ukaendelea humohumo ndani ya kilima, haijulikani mpaka wapi. Katikati palikuwa na shimo. Wakaishusha ile pingili nyeusi taratibu, Daktari akaizungusha kidogo, ikakaa.

Kisha Esekon akaenda mbele ya shimo, akachuchumaa, akanyoosha mkono kwa heshima kabisa. "Ejok," akamsalimia yule mnyama.

Hapo ndipo Adhar alipopiga kile kigelegele. Kilitoka chote, cha Jumatano na cha Ijumaa pamoja, kikagonga mwamba kikarudi, na wachimbaji wakaanza kuruka, na Opondo, mtu wa Kisumu asiyejua ngoma ya pale, akaruka nao akaangukia matako.

"Na hii hapa," Daktari akauliza baadaye, akiwa amepiga magoti, akipapasa kitako kirefu cha mwamba kilichotokeza pembeni, "umekuwa ukiitumiaje?"

"Hiyo? Ndiyo ninayowekea Biblia."

"Ni paja," Daktari akasema. "Mama, ni mfupa wa paja."

Lori likashushwa mizigo palepale. Daktari akampandisha Opondo garini, wakaenda mpaka kwenye kilele kile ambapo simu hupata mtandao, naye akazungumza na Lodwar, akazungumza na Nairobi, na kwa jinsi Opondo alivyosimulia, alizungumza Kiingereza kirefu mpaka betri ikaomba msamaha. Waliporudi honi ilisikika kabla ya gari. Miezi mitatu! Wameongezewa miezi mitatu, na watu wa plasta ya kufungia mifupa watakuja, na hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kuchimba hata shimo la choo upande ule wa kilima.

Maharagwe, kwa kuwa hakuna aliyeyakumbuka, yalikuwa yameliwa na mbuzi.

Alasiri Daktari aliketi karibu na lile pango na daftari gumu, lile ambamo kila mfupa huandikwa namba yake, mahali pake, na jina la aliyeuona kwanza. Akaandika namba moja. Akaandika Moru Arengan. Akaandika Adhar, akageuza daftari ili Adhar asome.

Adhar alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. "Haijakamilika," akasema.

"Imepungua nini?"

"Andika kwamba imeungua. Andika ni moto wa jikoni, na aliyeuwasha ni mimi."

"Mama, hilo si lazima."

"Mtu atakayesoma akiona ule weusi atajiuliza. Usimwache akisumbuka."

Daktari akaandika, neno kwa neno kama alivyoambiwa. Alipomaliza hakufunga daftari. Alifunua ukurasa mpya.

"Sasa nisikilize na mimi. Kuna mchanga wa kuondoa kwa brashi, punje kwa punje, miezi mitatu. Vijana wangu wana nguvu, lakini hawana subira. Nataka mikono inayojua kutazama, na mtu ambaye akivunja atasema amevunja." Akaweka kalamu tayari. "Asubuhi ulimwambia Mungu kuna wanawake Kakuma ambao hawajapika. Karatasi zao za ruhusa ya kutoka nitazifuata kambini mimi mwenyewe kesho. Wanaitwa nani?"

Adhar akapangusa mikono kwa leso, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Anza na Arek," akasema. "Huyo atakuuliza maswali mengi, usichoke. Halafu Nyachuol, halafu Yai."